Kabla ya Kumwongezea Mtoto Dawa, Uliza Aliyokwisha Kunywa

Dawa nyingi anazopewa mtoto humponya, kisha hutoka mwilini bila kuacha dhara lolote. Lakini kwa watoto wachache, dawa iliyokusudiwa kuponya huichochea kinga ya mwili igeukie figo, nazo figo zikavimba ndani kwa ndani pasipo mtu kuona. Ugonjwa huu hauna sura yake pekee. Huja na homa, kutapika, uchovu na kukosa hamu ya kula, dalili zilezile ambazo nyumbani na zahanati huitwa malaria, taifodi au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na kila jina kati ya hayo lina dawa yake nyingine ya kuongeza. Hapo ndipo penye hatari. Hoja yangu katika makala haya ni moja: mtoto akiugua upya, au akizidi kunyong'onyea, huku anatumia dawa au muda mfupi baada ya kuimaliza, swali la kwanza liwe amekwisha kunywa nini na tangu lini. La kumwongezea nini lifuate baadaye. Swali hilo halidai mashine wala fedha, na likiulizwa mapema linaweza kumwokolea mtoto figo zake.

Tuanze na namna figo zinavyofanya kazi. Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Damu ikipita humo huchujwa, na maji yaliyochujwa huingia katika mirija myembamba ambayo hurudisha mwilini vinavyohitajika, kama vile sukari, chumvi na sehemu kubwa ya maji yenyewe, kisha taka huachwa ziende na mkojo. Katikati ya mirija hiyo kuna tishu laini zenye mishipa midogo ya damu. Fikiria shamba la mpunga lenye mifereji na matuta: matuta yakitanuka, mifereji hubanwa na maji hayapiti, hata kama mto umejaa. Ndivyo inavyokuwa figo zikivimba kwa sababu ya dawa. Chembe za kinga huiona dawa, au mabaki yake yaliyonasa kwenye protini za figo, kuwa ni adui. Hujazana katika tishu zile, huzivimbisha, mirija hubanwa na kuumia, na taka hubaki katika damu. La kushika hapa ni kwamba dozi haikuzidi. Mtoto anaweza kupewa dawa halisi, kwa kipimo sahihi, kwa ugonjwa alionao kweli, na bado figo zikavimba. Hilo ni jibu la mwili wake kwa dawa ile, na hakuna kipimo kinachoweza kulibashiri kabla.

Yafaa kuyatenga madhara haya na mengine mawili ambayo mara nyingi huchanganywa nayo. La kwanza ni sumu ya moja kwa moja. Jentamaisini ikizidi kipimo au muda huharibu chembe za mirija yenyewe. Dawa ya maji iliyochafuliwa kwa diethilini glaikoli hufanya hivyo kwa ukali zaidi: mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walikufa baada ya figo zao kushindwa kazi, na mwezi Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya dawa za maji za kikohozi na mafua zilizohusishwa na vifo hivyo. La pili ni figo kutofikiwa na damu ya kutosha. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha hutegemea kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini kuitanua mishipa ya figo, na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki huzizuia kemikali hizo. Njia tatu ni tofauti, na tiba zake hazifanani. Lakini zote tatu haziwezi kutambuliwa mapema mpaka mtu aulize mtoto alikunywa nini.

Kuvimba kwa figo kwa namna hii kulijulikana kabla ya dawa za kisasa. Mwaka 1898 William Thomas Councilman, mtaalamu wa magonjwa mjini Boston, Marekani, alieleza figo za watu waliokufa kwa dondakoo na homa nyekundu, magonjwa yaliyowashambulia zaidi watoto. Aliziona tishu za katikati ya mirija zimejaa chembe za kinga, ilhali vijidudu vyenyewe havimo. Ugunduzi huo unatufunza kuwa waadilifu: maambukizi yenyewe yanaweza kuvimbisha figo, na si kila tukio ni kosa la dawa. Hata hivyo, antibayotiki zilipoenea, sura ilibadilika. Methisilini, jamii ya penisilini iliyotengenezwa mwaka 1959, ilivimbisha figo za wagonjwa wengi kiasi kwamba ikawa mfano wa kufundishia madaktari, na hatimaye ikaachwa. Leo dawa zinazotajwa zaidi ni zile tunazozifahamu majumbani: penisilini kama amoksilini, ampisilini na kloksasilini, sefalosporini, dawa za salfa kama kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrini, siprofloksasini, rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa, kwa mfano fenitoini na kabamazepini, omeprazoli ya tumbo, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Hakuna hata moja ambayo ni dawa mbaya. Zote zina kazi yake, na nyingi zimeokoa maisha ya watoto wengi mno.

Ugonjwa huu hupita bila kutambuliwa kwanza kwa sababu ya muda. Mtoto anapokutana na dawa kwa mara ya kwanza, kinga yake huchukua siku kadhaa, mara nyingi wiki moja hadi mbili, kabla ya kuishambulia. Akiwa aliwahi kuipata, siku mbili tatu zinaweza kutosha. Kwa dawa za maumivu huenda ikachukua miezi. Kwa hiyo dalili hujitokeza wakati ugonjwa wa kwanza umekwisha au unaelekea kwisha, na mzazi hudhani mtoto amepata ugonjwa mpya. Sababu ya pili ni kwamba dalili za mzio ambazo watu huzitarajia mara nyingi hazipo. Vitabu vya zamani vilifundisha utatu wa homa, upele na kuongezeka kwa chembe za mzio katika damu, lakini uzoefu wa miaka mingi umeonyesha kwamba utatu huo kamili huonekana kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi. Anayesubiri upele ndipo aitilie dawa shaka atasubiri bure kwa wagonjwa walio wengi. Sababu ya tatu inawahadaa hata watu makini: mkojo unaweza kuendelea kutoka kama kawaida. Mirija iliyoumia hushindwa kurudisha maji mwilini, hivyo mtoto anaweza hata kukojoa sana na kuwa na kiu, huku taka zikirundikana katika damu.

Sasa tuangalie yanayotokea mtoto huyo anapofikishwa kituoni. Anapimwa mkojo, na zinaonekana chembe za usaha. Kwa haraka anaambiwa ana UTI. Lakini chembe za usaha ni chembe za kinga tu. Katika figo zilizovimba kwa dawa huingia kwenye mkojo pasipo bakteria hata mmoja. Au anapimwa Widali, kipimo ambacho mara nyingi huonyesha taifodi kwa mtu asiyekuwa nayo, na anaandikiwa siprofloksasini. Au homa inatulizwa kwa diklofenaki ya sindano. Katika kila njia, mtoto ambaye alihitaji kuondolewa dawa moja ameongezewa nyingine, na hiyo ya pili huenda nayo imo katika orodha ya zinazovimbisha figo. Sisemi kwamba wahudumu hawajali. Wanafanya kazi na foleni ndefu na vipimo vichache, na mtoto mwenye homa mara nyingi huwa na maambukizi kweli. Ninachosema ni kwamba mazoea ya kujibu kila dalili kwa dawa mpya yanauficha ugonjwa huu hasa, kwa kuwa chanzo chake ni dawa.

Vipimo vya kuufichua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ila visomwe kwa macho ya mtoto. Kijiti cha mkojo, ambacho hupatikana hata katika vituo vingi vya afya, kinaweza kuonyesha chembe nyeupe, protini kidogo na damu kidogo, na wakati mwingine sukari kwenye mkojo wa mtoto ambaye sukari ya damu yake ni ya kawaida. Sukari hiyo inaonyesha kwamba mirija imeshindwa kuirudisha mwilini. Mkojo ukioteshwa maabara na bakteria wakakosekana, neno UTI linapaswa kuachwa na historia ya dawa iulizwe upya. Kisha kuna kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli na kupimwa katika damu. Hapa pana mtego mkubwa. Mtoto wa miaka miwili ana misuli midogo, hivyo kreatinini yake ya kawaida ni takriban mikromoli 20 hadi 40 kwa lita. Majibu mengi huchapishwa pamoja na viwango vya mtu mzima, ambavyo hufika 100 na zaidi. Kreatinini ya 80 itaandikwa kuwa ni ya kawaida, ilhali kwa mtoto huyo imepanda mara mbili au zaidi, na figo zimepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Mzazi ana haki ya kuuliza: je, kiwango hiki ni cha kawaida kwa mtoto wa umri wake? Uthibitisho kamili hupatikana kwa kuchukua kipande kidogo cha figo na kukitazama kwa hadubini, jambo linalofanyika katika hospitali kubwa zenye madaktari bingwa wa figo. Lakini uamuzi wa kusimamisha dawa inayoshukiwa hausubiri kipande hicho.

Ushahidi mmoja unastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu unahusu dawa zinazouzwa bila cheti. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Riley, jimbo la Indiana nchini Marekani, walipitia kumbukumbu za watoto 1,015 waliolazwa kati ya mwaka 1999 na 2010 wakiwa na figo zilizoshindwa ghafla. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013, watoto 27 kati yao figo zao ziliumizwa na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, na wengine wote wenye sababu nyingine zilizo wazi za kushindwa kwa figo walikuwa wameondolewa katika hesabu hiyo. Sita kati ya hao 27 walikuwa na dalili za figo kuvimba, na waliobaki walikuwa na mirija iliyoumia, hasa kwa kukaukiwa maji. Wengi walikuwa wametumia dawa kwa muda usiozidi wiki moja na kwa kipimo kilichopendekezwa. Waliohitaji kusafishwa damu kwa mashine walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Asilimia yenyewe ni ndogo, chini ya tatu, lakini tuikumbuke ilikopatikana: hospitali yenye maabara, mashine na wataalamu. Mtoto wa miaka mitatu anayeharisha na kutapika huko Tandahimba au Turkana, akapewa ibuprofeni kwa homa, ana hatari ileile na nafasi ndogo zaidi ya kuokolewa.

Kuna kundi la watoto ambalo kwalo onyo hili lina uzito wa pekee, nalo ni watoto wenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita ugonjwa huo. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi huzaliwa nao, na Kenya, Uganda na Kongo nazo zina mzigo mkubwa. Figo za watoto hawa huanza kuathirika mapema: hushindwa kubana mkojo, hivyo mtoto hupoteza maji haraka. Wakati huohuo ndio watoto wanaopata maumivu makali ya mifupa mara kwa mara, na diklofenaki au ibuprofeni huwa karibu. Maumivu yao ni ya kweli na lazima yatulizwe. Kumwacha mtoto alie kwa hofu ya dawa ni ukatili. Ila mpango wa maumivu upangwe na kliniki yake, mtoto anyweshwe maji ya kutosha, mkojo na kreatinini vipimwe kwa ratiba, na dawa hizo zisigeuzwe kuwa za kila siku kwa uamuzi wa nyumbani.

Kwa nini nasisitiza mapema? Kwa sababu uvimbe unaoendelea huacha kovu. Chembe za kinga zikikaa muda mrefu katika tishu zile, nyuzi ngumu hujengeka, mirija hufa, na sehemu hiyo ya figo hairudi tena. Tiba ya kwanza, na ya lazima, ni kuacha dawa iliyosababisha. Watoto wengi hupata nafuu kwa hatua hiyo pekee. Kama figo hazirudi upesi, madaktari bingwa huweza kutumia prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ili kuituliza kinga. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia wagonjwa 61, uligundua kwamba miongoni mwa waliopewa steroidi, wale ambao figo zao zilipona kabisa walianza kuzipata wastani wa siku 13 baada ya kuacha dawa iliyowadhuru, na wale ambao hawakupona kabisa walianza baada ya wastani wa siku 34. Wagonjwa hao walikuwa watu wazima, na tafiti nyingine hazikuona faida kubwa ya steroidi, hivyo mjadala wa matibabu hayo bado upo. Lakini juu ya kuacha dawa inayodhuru haraka hakuna mjadala. Nayo haiwezi kuachwa kama hakuna aliyeishuku.

Atakuwepo atakayesema: ugonjwa huu ni nadra, mbona kuwapa wazazi mzigo mwingine wa hofu? Ni kweli, idadi kubwa ya watoto watakaokunywa amoksilini mwaka huu hawatapata dhara la figo. Lakini unadra wa ugonjwa hupimwa dhidi ya gharama ya kujikinga, na gharama hapa ni swali moja na kipande cha karatasi. Tena swali hilohilo hukinga mengine ambayo si nadra. Hufichua mtoto anayepewa parasetamoli mara mbili, moja ya homa na nyingine iliyochanganywa katika dawa ya mafua. Hufichua mzio wa penisilini. Hufichua dozi ya malaria iliyokatishwa katikati. Na siku dawa iliyochafuliwa ikiingia sokoni, familia inayojua jina la dawa na namba ya toleo lake ndiyo itakayowasaidia wataalamu kuigundua. Zaidi ya hayo, ugonjwa usiotafutwa siku zote utaonekana nadra. Pale ambapo kreatinini haipimwi, mtoto hufa kwa jina la malaria kali, na figo zake hazihesabiwi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ninalichukua kwa uzito wake: wazazi wakisikia haya watazikataa dawa zinazookoa. Mwaka 2019 nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani, na amoksilini ni miongoni mwa silaha zetu bora dhidi yake. Mtoto mwenye nimonia anayenyimwa amoksilini yuko hatarini mara nyingi zaidi kuliko anayeinywa. Kwa hiyo ushauri wangu haugusi dawa inayohitajika. Unagusa ile isiyohitajika: antibayotiki ya mafua na kikohozi cha kawaida kinacholetwa na virusi, antibayotiki ya kuhara kwa maji maji ambako tiba yake ni ORS na madini ya zinki, na dawa ya maumivu inayotolewa kwa mazoea kwa mtoto anayecheza vizuri. Kwa dawa hizo, faida ni sifuri, hivyo hata hatari ndogo ni kubwa mno. Tena zipo dawa ambazo mzazi asizisimamishe mwenyewe hata akizishuku: za kifua kikuu, za VVU na za kifafa. Kuacha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Na rifampisini inajulikana kuleta madhara ya figo zaidi inapotumiwa kwa kurukaruka, leo ipo wiki ijayo haipo, kisha inaanzwa tena. Anayeiacha na kuirudia nyumbani anaweza kujiongezea hatari ileile aliyoikimbia. Kwa dawa hizi kanuni ni moja: ukishuku, mpeleke mtoto siku hiyohiyo, uamuzi ufanyike kliniki.

Wengine watasema kazi hii ni ya daktari, na mzazi hana elimu ya kumhoji. Lakini daktari aliye mbele yako leo huenda si yule wa wiki iliyopita, na kati yao mtoto amepita dukani. Tanzania ilipoanzisha mpango wa maduka ya dawa muhimu huko Ruvuma mwaka 2003, ilikubali ukweli kwamba watu wengi hupata dawa dukani kabla ya kufika hospitali, ikaamua kuwafundisha wauzaji. Kwa hiyo mtu pekee aliyekuwepo katika kila hatua ni mzazi au mlezi. Anachotoa ni habari ambayo hakuna mashine inayoweza kuitoa, na kutoa habari si kumhoji daktari. Aseme kwa adabu na kwa uwazi: "Daktari, kabla hujamwandikia, naomba nikueleze alichotumia. Siku kumi zilizopita alianza hii, na juzi akachomwa hii. Je, hali hii inaweza kuwa imetokana na dawa? Tunaweza kumpima mkojo na figo?" Mhudumu mzuri atashukuru kwa maneno hayo. Mhudumu aliyechoka atakumbushwa nayo.

Wapo pia wanaoamini kwamba wakiikimbia dawa ya hospitali na kushika miti shamba, figo zitakuwa salama. Figo hazijui kama kemikali imetoka kiwandani au kwenye mzizi. Baadhi ya mimea ina viambata vinavyoharibu mirija: mimea ya jamii ya aristolokia imethibitika kuharibu figo moja kwa moja na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Tatizo kubwa la dawa za kienyeji kwa mtoto ni kwamba kipimo hakijulikani na mara nyingi mchanganyiko haujulikani. Aliyempa mtoto dawa hizo asione haya kusema akifika hospitali. Kuficha kunamnyima daktari kile anachohitaji kujua, na daktari hapaswi kumkaripia mzazi aliyesema kweli, kwa kuwa akimkaripia leo hataambiwa kesho.

Sasa tuje kwenye utendaji. Tumia kadi ya kliniki ya mtoto, kijitabu cha mama na mtoto, au daftari lake la matibabu, na kila dawa anayopewa iandikwe humo: jina, kipimo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na sababu. Sindano ziandikwe, za dukani ziandikwe, za kienyeji ziandikwe. Tunza kopo au pakiti hadi mwezi mmoja upite baada ya dawa kwisha, kwa ajili ya jina na namba ya toleo. Dozi ifuate uzito, hivyo mpime mtoto: kwa parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku. Tumia kifuniko cha kupimia au sirinji, si kijiko cha jikoni. Mtoto anayetapika, anayeharisha au asiyekunywa vizuri asipewe ibuprofeni wala diklofenaki. Apewe ORS, na homa ikimsumbua apewe parasetamoli. Na kabla ya kununua antibayotiki, jiulize kama kuna mtu aliyemchunguza mtoto akasema ana ugonjwa wa bakteria. Kama hayupo, usinunue.

Mtoto aliye kwenye dawa, au aliyeimaliza ndani ya wiki chache, akirudiwa na homa pasipo sababu, akitapika, akikataa chakula, akipungua uzito, akilalamika maumivu ya mbavu au kiuno, akipata upele au maumivu ya viungo, akianza kukojoa sana usiku au mkojo ukabadilika rangi, mpeleke akapimwe mkojo na kreatinini. Ukiwa umemnunulia dawa ya maumivu mwenyewe, isimamishe mara moja. Ikiwa ni antibayotiki aliyoandikiwa, rudi kwa aliyeiandika siku hiyohiyo, ikiwezekana kabla ya dozi inayofuata. Na zipo dalili zisizosubiri asubuhi: mtoto ambaye hajakojoa kwa saa 12, aliyevimba uso au miguu, anayehema kwa shida, anayelala mno au mwenye degedege. Huyo apelekwe hospitali yenye uwezo wa kulaza usiku huohuo, na kadi yake ya dawa iende naye.

Akipona, kazi haijaisha. Jina la dawa iliyomdhuru liandikwe kwa wino mkubwa kwenye jalada la kadi yake, na asiipewe tena maisha yake yote bila ushauri wa daktari bingwa, kwa kuwa mara ya pili kinga hushambulia haraka zaidi. Dawa za jamii moja na hiyo nazo ziulizwe: aliyedhurika na omeprazoli huenda akadhurika na dawa nyingine za jamii hiyo, na aliyedhurika na penisilini moja asipewe nyingine kwa kubahatisha. Arudi kupimwa kreatinini, mkojo na shinikizo la damu hadi daktari aseme figo zimetulia, kwa sababu mtoto anaweza kuonekana mzima huku kovu likiendelea kujengeka. Na tukio liripotiwe: Tanzania kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya kwa bodi inayosimamia famasia na sumu. Ripoti moja hugeuka ushahidi pale ripoti nyingine kumi zikisema jambo hilohilo.

Jukumu hili haliwezi kubebwa na wazazi peke yao. Bado dawa nyingi hutolewa zikiwa zimehesabiwa ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa 1×3, bila jina. Mama aliyepewa bahasha hiyo, hata awe makini kiasi gani, hawezi kujibu swali ninalomwomba ajibu. Kwa hiyo kila muuzaji, mfamasia na muuguzi aandike jina la dawa na nguvu yake kwenye kila bahasha, na kila mzazi akatae kuondoka dirishani kabla jina hilo halijaandikwa. Kalamu ipo, bahasha ipo, na sekunde kumi zinatosha.